Mwenye Shamba Amerudi

Nimekulia Nyanza-Lac, Burundi, katika shamba la michikichi ambalo baba aligawiwa baada ya wenyewe kukimbilia Tanzania mwaka 1972 kuokoa roho zao. Habari hiyo haikuzungumzwa nyumbani. Tulipalilia, tukakata mikungu, mama akakamua mawese, na mimi nikajua ni mali yetu.

Wakimbizi wakaanza kurudi. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, ilipoundwa mwaka 2006, kesi zikajaa pwani yote hadi Rumonge. Kwetu alikuja mzee mmoja kutoka Mishamo, makazi ya wakimbizi huko Tanzania, na mashahidi wake. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Sisi tulikuwa nazo. Akapita moja kwa moja hadi nyuma ya jiko, akafyeka majani kwa fimbo, yakaonekana mawe matatu. Kaburi la mama yake. Juu ya mawe hayo nilianika ndagala tangu utotoni. Baba hakusema neno. Shamba likagawanywa, tukawa majirani, na tangu hapo sioni tena kitu cha thamani bila kuuliza kilipatikanaje.

Ndiyo maana nilipofika Ubelgiji niliishia kufuatilia sanamu ya Lusinga, mtawala wa Watabwa ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, katika Kongo ya leo. Desemba 1884 Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyejenga kituo cha Mpala, aliwatuma watu wake wamshambulie. Lusinga akakatwa kichwa, na sanamu ya ukoo wake, ya mti, ikasafirishwa Ulaya pamoja na fuvu. Ilikaa nyumbani kwa Storms mpaka mjane wake alipoitoa kwa makumbusho ya Tervuren miaka ya 1930. Wapo wanaosema tuwashukuru, la sivyo ingeliwa na mchwa. Nayafahamu maneno hayo: sisi nasi tulimwambia yule mzee kwamba tumepalilia.

Kinachonikera ni sheria za kurudisha mali zilizoporwa. Mwaka 1998, mjini Washington, nchi 44 zilikubaliana kwamba kazi za sanaa zilizoporwa na Wanazi zitafutwe na warithi wahimizwe kujitokeza. Warithi, yaani watoto na wajukuu wa Wayahudi walionyang'anywa. Lakini sheria ya Ubelgiji ya 2022 kuhusu mali za enzi za ukoloni inataka serikali izungumze na serikali. Ukoo wa Lusinga usubiri Kinshasa iwasemee! Yule mzee wa Mishamo angesubiri waziri aje kumwonyeshea kaburi la mama yake, angelikuwa bado anasubiri.

Fuvu nalo liko Brussels, katika Taasisi ya Sayansi Asilia, na sheria hiyo imeyaacha nje mabaki ya binadamu. Wajukuu wa Lusinga wakitaka kumzika mzee wao, waanzie ofisi gani?