Tulikwenda Wanne

Septemba 2016 nilipanda ndege Dar es Salaam kwenda Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Kando yangu alikaa mume wangu, na katikati yetu watoto wawili, mmoja wa miaka saba, mwingine wa minne.

Wakati ule kanuni ziliruhusu. Kozi ya uzamili ikiwa ya miezi 12 au zaidi, mwanafunzi aliweza kwenda na mwenza na watoto. Kikwazo kilikuwa fedha. Nje ya London, kila mtegemezi alihitaji pauni 680 kwa mwezi kwa miezi 9, nazo zikae benki siku 28 mfululizo. Kwa watu watatu, pauni 18,360. Tuliuza kiwanja chetu cha Kihonda, tukakopa SACCOS, na kaka zangu wakajazia. Juu yake kulikuwa na ada ya huduma ya afya, pauni 150 kwa mwaka kwa kila mmoja.

Maneno hayakukosekana. Mama mkwe aliuliza kwa upole, "Mwanangu, mume anamfuata mke kwenda kufanya nini?" Mume wangu ndiye aliyejibu: "Mama, nakwenda kulea wanangu."

Na alilea. Yeye, mwalimu wa hisabati wa sekondari, alikuwa akiamka saa tisa usiku kwenda kusafisha ofisi, kisha anarudi kuwavalisha watoto makoti na kuwapeleka shule, ambayo hatukuilipia. Mimi niliruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Yeye hakuwekewa kikomo, na mshahara wake ndio uliotulisha. Jumamosi tulikwenda soko la Kirkgate kutafuta unga wa mahindi na bamia. Ndani ya nyumba tuliongea Kiswahili tu, ingawa kufikia Pasaka mdogo alikuwa akiweweseka kwa Kiingereza. Siku nilipotaka kuacha masomo, Februari ile ya giza, wale niliokuwa nikila nao mezani ndio walionirudisha maktaba.

Miaka saba baadaye mdogo wangu wa kike alipata nafasi kama yangu, kozi ya kufundishwa darasani, ya kuanza Januari 2024. Alikuwa na mtoto wa miaka minne. Lakini Mei 2023 serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kufunga mlango. Ilisema viza za wategemezi wa wanafunzi zimepanda kutoka 16,000 mwaka 2019 hadi 136,000 mwaka 2022. Kwa kozi zilizoanza tangu tarehe 1 Januari 2024, walioendelea kuruhusiwa kwenda na familia ni wanafunzi wa shahada za utafiti, kama uzamivu, na wenye udhamini wa serikali. Mdogo wangu alijilipia. Februari mwaka huohuo ada ya afya ikawa pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi.

Alikwenda peke yake. Mtoto akabaki kwa mama yetu Kilosa. Miezi ya kwanza alikuwa akiibusu simu kila jioni. Kufikia Juni, akiitwa kuongea na mama yake, alijificha nyuma ya mlango. Mdogo wangu alirudi na cheti kizuri, akakuta mtoto anamwita bibi "mama".

Najua kila nchi ina haki ya kupanga nani aingie. Lakini mzazi hawi mzigo kwa kuwa na watoto, na mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka minne ni robo ya umri wake.

Wewe uliyeshika barua ya kukubaliwa chuo, kabla hujalipa amana uliza mambo mawili: kozi ni ya utafiti au ya darasani, na mdhamini wako ni nani? Nanyi mnaotoa ufadhili, mnapopiga hesabu ya ada na tiketi, ihesabuni na familia.