Ziwa la Waridi na Jasho la Baba

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa miaka mitatu nilimnung'unikia baba yangu, kibarua wa kupakia magunia huko Magadi. Nyumbani alikuja Krismasi tu. "Huko ni raha tupu," nilimwambia mama, "ndiyo maana haji!"

Jumamosi moja sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulijipakia katika basi la shule, tukafunga safari ya Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi. Tulipopita Kiserian, upepo wa Kona Baridi ulitupiga hadi meno yakagongana. Kutoka hapo barabara iliteremka tu. Tulipofika Olorgesailie, palipo na mashoka ya mawe ya watu wa kale, sweta zote zilikuwa zimevuliwa.

Lo! Ziwa lilipojitokeza, kelele zilikatika basini. Lilikuwa la waridi, kama maziwa yaliyotiwa damu kidogo.

"Wacha! Nani amemwaga rangi?" akauliza jirani yangu.

Mwalimu akatueleza kwamba chemchemi za maji moto huleta chumvi, jua huyakausha maji, na vijidudu vipendavyo chumvi, visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyolipaka ziwa rangi ile. Kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka wa 1911, na magadi hayo hutumika kutengenezea vioo.

Baba alikuja kutulaki wakati wa mapumziko. Midomo yake ilikuwa imepasuka, macho mekundu kwa mng'ao wa chumvi. Akacheka. "Mwanangu, umeliona shamba langu? Hili halingoji mvua."

Nilitaka kumwomba radhi lakini sauti ilikwama kooni. Nikampa chupa yangu ya maji. Alikunywa nusu, akanirudishia. "Hayo mengine ni yako. Safari bado ndefu."

Jioni wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilikitazama kioo cha dirisha, nikawaza ni magadi ya magunia ya nani yaliyokitengeneza.

Karo ya muhula huu ilichelewa tena. Ilipofika, sikulalamika. Niliomba simu ya mwalimu, nikampigia.

"Asante, Baba."

Palikuwa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama nimekula.