Bendera Zilizosomwa na Gati Zima

Sisi watoto wa mtaa wa Buyenzi wa miaka ya 1980 tulijua habari za meli kabla hatujapanda hata moja. Ulishuka hadi Ziwa Tanganyika, ukasimama nje ya uzio wa bandari ya Bujumbura, ukainua macho kwenye mlingoti. Ukiona bendera ya buluu yenye mraba mweupe katikati, basi meli inang'oa nanga leo, mwenye safari apande. Wanawake wa biashara walianza kuwahimiza makuli palepale, wakiwaonyesha kitambaa kile kwa kidole. Hawakuwa wamesomea ubaharia. Waliishi karibu na meli, wakazijua bendera zake.

Baba mdogo alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo iliyokwenda Kigoma na Mpulungu, ikirudi na saruji na sukari ya Zambia. Siku moja alinipandisha hadi chumba cha usukani, akanifungulia kabati la bendera: vijumba vya mbao, kila kimoja kimeandikwa herufi yake. Juu ya kila bendera palikuwa na kipande cha mti cha ukubwa wa kidole, chini kitanzi cha kamba. Kile kipande huingizwa kwenye kitanzi cha bendera nyingine au cha kamba ya mlingoti, hivyo hata usiku, mikono imelowa, huwezi kuipandisha kichwa chini. Nilikaa nikifunga na kufungua mpaka akanifukuza.

"Rangi ni tano tu, mwanangu," alisema. "Nyekundu, buluu, njano, nyeupe na nyeusi. Kijani kwa mbali kinakudanganya."

Mpango huo wa bendera haukuanzia kwetu. Mwaka 1857 Waingereza walitoa kitabu cha ishara kwa meli za biashara, kikiwa na bendera 18, zote za konsonanti. Inasemekana waliziacha irabu ili mabaharia wasije wakatukanana kwa bendera. Kitabu kinachotumika sasa kilianza kazi Aprili 1969. Kina bendera 26 za herufi, 10 za tarakimu, tatu za kurudia na moja ya kujibu. Kapteni Mzambia, mwenzake Mkongo asiyejua Kiingereza na Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa, wote wanaelewa jambo lilelile. Ya njano: meli yangu haina maradhi, naomba ruhusa ya kuingia. Nyeupe yenye msalaba mwekundu wa kukingama: nahitaji msaada. Nyekundu iliyochanwa mkia: nina shehena ya hatari. Hiyo ya mwisho ilikuja na meli ya mafuta kutoka Kigoma, na makuli walizima sigara kabla mlinzi hajafungua kinywa.

Kulikuwa pia na bendera za nchi. Meli ikiingia bandari ya wenyewe hupandisha bendera ya mwenyeji, nayo Tanganyika ni ziwa la nchi nne, kwa hiyo kabati lilihitaji zote nne. Iliyotusumbua ni ya Kongo. Ile ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge iliondoka na Mobutu mwaka 1997, ikaja ya buluu yenye nyota za njano, kisha mwaka 2006 ikaja nyingine, yenye mstari mwekundu wa kukingama. Mafundi cherehani ndio walionufaika. Sisi Warundi hatuna la kuwacheka jirani, maana ngoma iliyokuwa kwenye bendera yetu iliondolewa mwaka 1966, ufalme ulipoanguka.

Na ile meli ya Liemba? Hiyo imepitia bendera nyingi kuliko nahodha yeyote. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ilipoanza safari tena mwaka 1927 ilikuwa na jina tunalolijua. Ilipokuwa ikifika Bujumbura, hata wasio na safari walishuka kuitazama.

Redio ndiyo iliyoanza kuzipunguzia bendera kazi. Kapteni alizungumza na bandari angali mbali, na bendera ikapandishwa kwa desturi, kisha kwa kusahau-sahau. Vita vya 1993 vikafuata, halafu vikwazo tulivyowekewa na majirani kuanzia 1996 hadi 1999, gati likanyamaza na Liemba ikaacha kuja kwetu. Biashara ilipochangamka tena, simu ya mkononi ilikuwa mlangoni.

Siitukani simu. Mei 2015, Liemba ilipowabeba ndugu zetu waliokimbilia Kagunga, upande wa Tanzania, kuwapeleka Kigoma, ni simu iliyotuambia nani yuko hai. Bendera isingeweza. Lakini bendera ilisema na gati zima kwa wakati mmoja, tajiri na kuli, na simu husema na mwenye namba. Siku hizi ukitaka kujua meli ya mizigo inaondoka lini, tafuta anayemjua wakala. Nimemwona mama mmoja akikaa juu ya magunia yake tangu asubuhi, anaambiwa "bado kidogo" na kijana asiyejua lolote.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wa mitumbwi na maboti, wavuvi wa ndagala na wasafiri wa Rumonge, Nyanza-Lac na Uvira. Wengi hawana redio, na simu ikilowa imekwisha. Ziwa hili halina mzaha: Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama upande wa Kongo na zaidi ya watu 120 wakafa.

Katika sheria za kimataifa za kuzuia meli kugongana imebaki ishara moja ya hatari isiyohitaji kitambaa, betri wala kifaa chochote. Mtu hunyoosha mikono yote miwili pembeni, akaipandisha na kuishusha polepole, tena na tena. Wafundisheni watoto wenu. Nawe ukimwona mtu ziwani akifanya hivyo, usimpungie mkono ukapita, anaomba kuokolewa.