Jina la Mama Yako Uliandike Mwenyewe

Makanyagio, Mpanda
26 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Nyumbani hatujambo, isipokuwa miguu ya mama yako ndiyo inayomsumbua. Tumesikia kikosi chenu kinajiandaa kwenda kulinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mungu awatangulie. Dada yangu hataki hata kusikia habari za kifo, basi nakuandikia mimi. Usipolisema jambo hili la matunzo ya mama yako kabla hujaondoka, watalisema wengine wasiojua ulitaka nini.

Jana ilikuwa Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao vilipowekwa mnarani niliwakumbuka waliolala Kaboya, Muleba, kwa vita vya Kagera, na vijana wetu waliouawa na waasi wa ADF kambini Semuliki, Kivu Kaskazini, Desemba 7, 2017. Heshima ile wanaistahili. Ila mimi huwaza sana siku turubai la msiba linaposhushwa na watu wakatawanyika. Nani anabaki kumchotea mzazi maji?

Marekani, mzazi aliyefiwa na mtoto jeshini anaweza kupokewa katika nyumba za matunzo za maveterani zinazoendeshwa na majimbo, ingawa kwa miaka mingi sharti lilikuwa awe amepoteza watoto wake wote vitani au kazini. Sharti zito mno! Kwetu mzazi wa shujaa hana mlango wake. Makazi ya wazee yapo, kama Ipuli kule Tabora, lakini ni ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu, na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitaka familia iwe mtunzaji wa kwanza. Sipingi. Mama yako haendi Ipuli nami nipo hai. Lakini familia itunze kwa kitu gani? Zanzibar walianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea. Huku bara bado. Naamini kabisa mzazi wa askari aliyeanguka kazini angestahili posho ya kila mwezi, ale na kutibiwa hapohapo kwake.

Kuna bibi mtaani kwetu alifiwa na mwanawe askari. Kila kitu chake kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya mtendaji, picha za pasipoti. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha marehemu, mama aliandikwa kwa jina la ukoo. Kwenye kitambulisho chake cha NIDA, la ubatizo. Kwa tofauti hiyo alirudishwa dirisha hadi dirisha, mpaka wakili akamwandikia hati ya kiapo. Mirathi ilipogawanywa, mjane na watoto wakapata chao, na ilikuwa haki yao. Bibi hakuna aliyemtaja. Anaishi kwa kuuza karanga barazani.

Kwa hiyo, unapojaza warithi kikosini, mwandike mama yako pamoja na mkeo na watoto, na utaje fungu lake. Usiache eti "wataelewana". Fidia ya Umoja wa Mataifa nayo hupitia serikali yetu kabla ya kumfikia mlengwa, na hapo kinachotazamwa ni karatasi. Mkeo mwambie mwenyewe, ukiwa umeketi naye, asije akalisikia mahakamani akadhani tulimpangia njama. Ni binti mwelewa. Majirani zetu Waislamu wao mama ana sudusi yake, yaani moja ya sita, hata marehemu akiwa ameacha watoto. Sisi wengine tusipoandika, mzee anabaki kutegemea huruma.

Cheti chako cha kuzaliwa ninacho mimi. Jumamosi nitakipiga picha pamoja na NIDA ya mama yako nikutumie kwa WhatsApp. Linganisha herufi kwa herufi na kumbukumbu zako za jeshini. Ukiona tofauti yoyote nipigie, nimpeleke kwa wakili wiki hiyohiyo, kabla hujapanda ndege.

Mjomba wako akupendaye