Laptopi Iliponyamaza



Wengi wenu mnamfahamu Papa Maestro wa huku Juru, yule mzee anayefundisha kwaya bila kushika karatasi. Nyimbo zake alizitunga zamani kule Kivu. Madaftari yalipotea njiani wakati wa kukimbia, lakini nyimbo zenyewe ziko kichwani, sauti zote nne. Sasa jina lake limetoka, yeye na familia wamepata tarehe ya kwenda Kanada. Tulihesabu nyimbo 14, na tulikuwa na wiki tatu tu.

Wengine waliuliza, kwa nini msirekodi kwa simu? Tulirekodi. Lakini simu inachanganya sauti zote, na mtoto wa alto atakayeingia kwaya mwaka kesho hatajua alto inapita wapi. Kwa hiyo kila jioni nakaa na Papa, yeye anaimba sauti moja moja kwa solfa, mimi naandika nota katika MuseScore, programu ya bure ambayo haihitaji intaneti kila siku. Solfa Papa anaijua kuliko sisi wote. Ni ile ya herufi aliyoieneza mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaileta huku kwetu. Ila nota za mistari mitano hakusoma. Yeye anakagua kwa sikio: laptopi inapiga, halafu anasema, "Hapana mwanangu, tenori inapanda pale."

Ndiyo maana sauti ilipopotea kazi yote ilisimama. Nota zilikuwa kwenye kioo, alama ya kucheza inapita juu yake vizuri kabisa, lakini kimya. Mimi naona, Papa hasikii.

Jumatano nikapanda teksi mpaka Mbarara. Fundi wa kwanza hata programu hakuifungua. Akasema kadi ya sauti imekufa, nilete shilingi 80,000 na niiache siku nne. Elfu themanini, miaka hii ambayo msaada wa chakula umepunguzwa! Nikamshukuru, nikatoka. Barazani palikuwa na kijana anayetengeneza simu, akaniuliza swali moja tu: "Muziki wa kawaida unalia?" Tukachomeka flashi, wimbo ukalia mpaka wapita njia wakageuka. Basi kadi ni nzima, na spika ni nzima. Ugonjwa uko ndani ya programu.

Akanieleza vizuri, tena kwa subira. Ndani ya faili la nota hakuna sauti iliyorekodiwa. Mna maagizo tu: piga nota hii, kwa urefu huu. Sauti inachukuliwa kwenye benki ya sauti inayokuja pamoja na programu, kisha programu inaituma kwa spika iliyochaguliwa katika mipangilio yake yenyewe. Tukafungua mipangilio hiyo. Kumbe ilikuwa bado inatuma sauti kwenye televisheni! Wiki ile vijana walikuwa wameiunganisha kwa waya ili watazame filamu, waya ukatolewa, mipangilio ikabaki vilevile. Tukachagua spika ya laptopi, tukafunga programu, tukaifungua upya. Ikaimba. Iliimba "aaa" tupu, maana maneno haiyajui, lakini mimi niliona ni kwaya kubwa. Kijana alichukua shilingi 3,000.

Jioni ya kesho yake Papa akasikiliza wimbo wa tisa, macho ameyafumba. Katikati akainua mkono.

"Mwalimu, besi wangu wako wapi?"

Tukabonyeza F10, likafunguka dirisha la kuchanganyia sauti. Pale kila sauti ina vitufe viwili, kimoja kinainyamazisha, kingine kinaiacha peke yake na kunyamazisha zilizobaki. Besi ilikuwa imenyamazishwa, kwa sababu watu wa tenori walikuwa wamefanya mazoezi yao na laptopi hiyohiyo. Nikaifungua. Papa akaanza kuimba besi juu yake, na mama watoto akaja kusimama mlangoni.

Kwa hiyo wewe unayeandikia kwaya yako nota, hapa Juru au kule Rubondo na Base Camp, usikimbilie Mbarara. Piga kwanza wimbo wowote wa flashi. Ukilia, angalia programu inatuma sauti wapi, kisha F10. Usiposikika hata huo wa flashi, hapo ndipo tafuta fundi, na mwombe akusikilizishe kabla hujatoa pesa.

Mpaka naandika haya nyimbo 11 zimekamilika. Kati ya tatu zilizobaki kuna moja yenye maneno: mama mmoja wa soprano anasema kule Masisi mwisho wake ulikuwa unashuka, Papa anasema ulikuwa unapanda. Kesho jioni wanakuja wote wawili, na laptopi imeshachajiwa kwa sola.