Ipo Michezo ya Kompyuta Isiyowawinda Watoto Wetu

Ni nyumba chache zenye watoto ambazo hazijaguswa na jambo hili la michezo ya simu na kompyuta. Wengine wetu tumeipiga marufuku kabisa. Wengine tumechoka kugombana, tukawaacha watoto waendelee mradi nyumba iwe tulivu. Napenda kuwaeleza njia ya tatu, ambayo familia yetu imeifuata kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa: kompyuta kuukuu iliyowekwa sebuleni, yenye mfumo wa Linux na michezo ya bure ambayo haihitaji intaneti.

Kilichotufikisha hapo

Mwanangu wa pili ana umri wa miaka 12. Bibi yake, mama mzazi wa mume wangu, anaishi nasi, na kila siku hutumia dawa za shinikizo la damu. Kwa kuwa haoni vizuri, mjukuu ndiye humnunulia umeme wa LUKU kwa simu, na namba ya siri anaijua. Mwezi mmoja bibi alipotaka fedha za dawa, zilionekana zimepungua kwa shilingi 14,500. Zilikuwa zimetoka kidogo kidogo, 500 leo, 1,000 kesho. Mtoto hakungoja kuulizwa mara ya pili. Alilia, akasema alikuwa akinunua "almasi" za mchezo fulani wa simu ili asiachwe nyuma na wenzake.

Mume wangu alikasirika sana. Aliagiza simu zifungiwe kabatini na habari za michezo zisisikike tena humu ndani. Dawa tulizinunua siku ile ile, na bibi alimsamehe mjukuu wake kabla ya chakula cha jioni. Lakini mtoto hakuweza kuamini kwamba amesamehewa. Bibi akiingia sebuleni, yeye anatoka. Akiitwa kumsomea Biblia kama ilivyokuwa desturi yake, anasingizia kazi za shule. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko zile shilingi 14,500. Niliona kwamba tukifungia simu na kuishia hapo, tutakuwa tumemwondolea mtoto mchezo na kumwachia aibu peke yake.

Usiku mmoja nilimwomba mume wangu tutofautishe mchezo na mtego.

Mchezo na mtego

Michezo mingi ya simu hutolewa bure, lakini waliotengeneza hupata fedha zao kwa matangazo na kwa kuuza vitu ndani ya mchezo wenyewe: nguo, silaha, maisha ya ziada. Baadhi huuza masanduku ya bahati. Mtoto analipa kwanza, halafu ndipo anaona alichopata. Mwaka 2018 tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo yanayouzwa kwa fedha ni kamari, na ikataka yaondolewe. Basi mtoto wa miaka 12 anashindana na watu wazima waliosomea kazi ya kumfanya asiiachie simu. Shindano hilo si la haki hata kidogo.

Linux ni nini?

Kijana mmoja wa usharika wetu anayefahamu kompyuta ndiye aliyetusaidia. Alitueleza kwamba kila kompyuta ina programu kuu inayoiamsha na kuziongoza programu nyingine zote. Hiyo huitwa mfumo endeshi. Wengi wetu tunaujua Windows, ambao ni mali ya kampuni ya Microsoft. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Kiini cha mfumo alichokiandika kiliunganishwa na programu za GNU, mradi uliotangazwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983 kwa nia ya kuwapa watu programu zisizowafunga.

Masharti yake ni mepesi: unaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kumpa mwenzako. Ni kama mbegu za maharage kijijini. Jirani anakupa kibaba, unapanda, na ukivuna unampa mwingine. Zipo aina nyingi za Linux. Mojawapo ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa ambalo sisi tunaliita utu.

Jambo jingine lililotufaa ni kwamba Linux haidharau kompyuta iliyozeeka. Mwezi Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikubali toleo linalofuata. Mashine kama hizo zinaweza kuishi miaka mingine. Yetu tuliinunua ikiwa imetumika, na kwa kumbukumbu yake ya GB 4 inatutosha. Kijana alikuja na flashi, akatuonyesha mfumo ukifanya kazi kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa chochote ndani ya kompyuta. Tuliporidhika ndipo akausimika. Tulinunua bando mara moja, tukapakua michezo, na tangu hapo tunacheza bila intaneti.

Michezo tunayocheza

Mdogo wetu wa miaka 5 ana GCompris, iliyoanzishwa na Mfaransa Bruno Coudoin mwaka 2000. Jina hilo linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nimeelewa". Ndani yake mna mazoezi zaidi ya 100 ya herufi, hesabu, kuoanisha picha na kutumia kipanya. Pia ana Tux Paint ya kuchora na kupaka rangi.

Watoto wakubwa wanapenda TuxMath, ambamo hesabu huanguka kutoka angani kama vimondo, na ni lazima uandike jibu kabla kimondo hakijafika chini. Binti yangu aliyekuwa akichukia jedwali la kuzidisha analikariri sasa bila kulazimishwa. SuperTux ni mchezo wa kuruka vizuizi, na SuperTuxKart ni mashindano ya magari madogo. Kuna pia michezo ile ya zamani: matofali yanayoanguka, ambayo Alexey Pajitnov aliyabuni mjini Moscow mwaka 1984 kwa jina la Tetris, na nyoka anayerefuka kila anapokula. Akina mama wa rika langu watamkumbuka nyoka huyo katika simu za Nokia.

Kijana wetu yeye amechagua Freeciv, mchezo ulioanzishwa na wanafunzi watatu wa Denmark mwaka 1995. Unaanza na kikundi kidogo cha watu mwaka 4000 K.K., unajenga miji, unafungua mashamba, unachagua elimu ipi itangulie. Hakuna almasi ya kununua. Ukishindwa, umeshindwa kwa sababu ulipanga vibaya, nawe utapanga upya kesho.

Mchezo uliotuunganisha sote ni Frozen Bubble wa mwaka 2002, ambamo pengwini hurusha mapovu ya rangi na wawili huweza kushindana kwenye skrini moja. Mume wangu, yule aliyepiga marufuku, alikubali kujaribu "mara moja tu". Binti alimshinda mara nne mfululizo. Bibi haoni vizuri, lakini anasikia mapovu yanavyopasuka na vicheko vinavyofuata. Jioni moja aliuliza, "Nani kashinda?" Mjukuu wake ndiye aliyemjibu. Akasogeza kiti karibu naye, akaanza kumsimulia mchezo wote kama mtangazaji wa mpira redioni. Siku hizi kazi hiyo ni yake, na Biblia ameanza kumsomea tena. Zile fedha alizilipa zote kwa kuuza mayai ya kuku wake.

Si kila cha bure ni chema

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na sisi tunachagua. Doom ya mwaka 1993 ni mchezo maarufu wa zamani, na programu yake ilitolewa kwa watu wote mwaka 1997. Lakini umejaa damu na mashetani, nasi hatukuuweka. Michezo ya karata nayo tuliifuta. Hakuna fedha inayochezewa humo, ila bibi alikulia katika uamsho ambamo karata na kamari vilikuwa kitu kimoja, na Mtume Paulo alitufundisha kuijali dhamiri ya mwenzetu. Hatukupungukiwa na kitu.

Neno la muuguzi

Mchezo mwema nao una kipimo chake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Shirika hilo limeuorodhesha pia uraibu wa michezo kuwa ugonjwa. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana. Ukiona hayo kwa muda mrefu, mpeleke mtoto hospitalini, usimpige.

Kwa macho, kila baada ya dakika 20 mtoto atazame kitu kilicho mbali, umbali wa mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Nyumbani kwetu saa ya mezani hukaa kando ya kompyuta. Dakika 45 zikiisha, anayefuata anakaa. Saa moja kabla ya kulala kompyuta huzimwa. Yule wa Freeciv bado hunung'unika kwamba amebakiza zamu moja, na bado huniomba simu anaposikia wenzake wakisimulia. Simuahidi. Ninamkaribisha awalete wenzake hao nyumbani Jumamosi, na huja.

Mama mwenzangu, uliza usharikani kwako kama yupo kijana anayejua Linux. Wapo, nao hufurahi kutumwa. Weka kompyuta mahali ambapo kila apitaye anaiona. Na siku ya kwanza usiwaachie watoto peke yao. Kaa nao, ucheze, ushindwe, ucheke. Mtoto aliyekosea anahitaji mahali pa kurudi, na mahali hapo ni kando yako. Bwana awatie nguvu katika malezi.