Juma la Mtoto Mdogo



Wako miongoni mwetu wadhanio kuwa mtoto wa miaka mitano akipelekwa shule huenda kucheza tu, na kwamba elimu yenyewe inamngoja huko mbele, darasa la kwanza. Dhana hii yatupasa tuitazame upya. Na mfano nitakaokupa hauko Mombasa wala Unguja. Uko mbali na bahari, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera.

Mtoto wa Ngara aghalabu huanza kusema Kihangaza au Kishubi. Mwenziwe wa Biharamulo huenda kwao husemwa Kisukuma. Siku aingiapo darasa la awali humkuta mwalimu anasema Kiswahili, lugha ambayo wewe na mimi tulibembelezewa kwayo. Neno "kaa", neno "simama", neno "nawa mikono", yote hayo kwake ni masomo kabla ya somo.

Sera ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu 2016 ada ikaondolewa katika shule za serikali. Watoto wakamiminika. Kanuni yasema mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini shule nyingi za vijijini zimeipita mbali hesabu hiyo. Basi mwalimu wa namna hii ataokolewa na nini? Ataokolewa na mpango wa juma.

Jumatatu ni nyimbo na maamkizi. Jumanne huhesabu kwa vijiti, vizibo vya soda na mbegu za maharage. Jumatano hutamka sauti: a, e, i, o, u. Alhamisi huchora na kufinyanga udongo. Ijumaa husimuliwa hadithi, kisha hupewa ukumbusho wa kupeleka nyumbani: mtoto akatwe kucha, aje na vijiti kumi, aulizwe amejifunza sauti gani.

Hapo, ndugu yangu, ndipo penye siri. Mzazi akiupokea ukumbusho ule, Jumatatu mtoto huendelea alipoishia. Akiupuuza, mtoto huanza upya, na juma baada ya juma wenziwe humwacha. Hufika darasa la kwanza hajui kushika penseli, akachekwa, akaichukia shule. Nayo shule ikichukiwa mapema, ni tabu kupendwa tena.

Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Chuoni mwalimu humsomesha mtoto alifu na be, na jioni mama akiwa jikoni humdurusisha huku akikuna nazi. Sijui ada ile nzuri tumeiachia wapi! Leo wengi wetu hulipa karo, tukanunua na mkoba mpya, tukadhani haki ya mtoto imekwisha. Mama wa Ngara arudiye shambani jioni humwuliza mwanawe sauti za lugha ambayo pengine yeye mwenyewe haisemi vyema. Je, wewe ambaye Kiswahili ni chako tangu kuzaliwa, utatoa udhuru gani?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali apendazo zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zidumuzo, hata zikiwa chache. Robo saa kila jioni ni chache, lakini ikidumu hujenga. Muulize mwanao leo amejifunza nini. Umsikilize mpaka amalize. Na ukumbusho wa mwalimu uutimize kabla ya Jumatatu, usiuache ukapotea mkobani.

Mwenyezi Mungu awabariki walimu wa watoto wadogo, wa bara na wa pwani, na atujaalie tuwe wazazi wenye kukumbuka tunapokumbushwa. Amin.